Nani Anasoma Mkataba wa Mwimbaji?

Hii ni hotuba juu ya kazi ya wakili wa hakimiliki niliyotoa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa parokia, komini (mtaa) ya Kenya, mjini Lubumbashi, Kongo, mbele ya wanafunzi wa sheria, mawakili walio katika staji (mafunzo ya kazi), na vijana wa muziki na uchoraji. Mvua iliwazuia wengi wa Katuba na Ruashi kufika, nao wameomba niiweke yote. Hii hapa, kama nilivyoisema.

Jambo yenu!

Mabati yanapiga kelele, sijasikia vizuri. Jambo yenu!

Aksanti. Wakubwa zangu wa baro, chama chetu cha mawakili, heshima yenu. Wazazi mliokuja na watoto wenu, aksanti kwa kutuamini. Wanafunzi, leo nimekuja kwa ajili yenu. Na ninyi wa magitaa mliokaa kule nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele, maana tunaongea juu ya chakula chenu.

Nianze na swali. Wanafunzi wa sheria, nyoosheni mikono: nani anataka kuwa wakili wa migodi?

Naona msitu wa mikono. Shusheni. Siwalaumu. Huu ni mji wa shaba, tumekua tukitazama bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na Sheria ya Migodi ya 2002 pamoja na marekebisho yake ya 2018 mnaijua kuliko sala ya jioni. Sasa niambieni: nani anataka kuwa wakili wa hakimiliki?

Mikono miwili. Na mmoja wa hiyo miwili ni wa mpiga gitaa.

Basi sikilizeni. Mkataba wa mgodi katika mji huu unasomwa na mawakili watano, sita, kabla mtu hajashika kalamu. Unasomwa kwa Kifaransa, unasomwa kwa Kiingereza, unarudishwa, unasomwa tena. Mkataba wa mwimbaji unasomwa na nani? Mkataba wa mchoraji? Nani anasoma mkataba wa mwimbaji?

Swali hilo liliniingia moyoni nikiwa mwaka wa pili wa staji, na lililetwa na mzee mmoja mwenye bahasha ya kaki.

Alikuwa mpiga gitaa wa zamani. Alikuja asubuhi, akakaa kwenye benchi la nje mpaka saa sita bila kulalamika, na alipoingia akatoa karatasi moja kwenye bahasha ile. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari la shule, lile la miraba. Kalamu ya buluu. Kwenye pembe ya chini kulikuwa na doa la mafuta ya mawese, na doa lilikuwa limefika mpaka kwenye sahihi yake. Maneno yalikuwa mistari mitatu tu: kwamba yeye, fulani, ameuza wimbo wake, haki zote, siku zote, mahali pote, kwa dola 150.

Nikamuuliza: baba, hii ulitia sahihi wewe? Akanijibu: "Avoka, nilisinyaka miye mwenyewe. Kusoma, sikusoma."

Mtu mmoja alikuwa amempigia simu kutoka bari moja ya Kamalondo akamwambia afungue televisheni. Wimbo wake ulikuwa kwenye tangazo la kinywaji. Na hilo halikumuuma sana, kwa sababu alikumbuka kuwa aliuza. Kilichomuuma ni kwamba jina lililoandikwa kama la mtunzi lilikuwa la mtu mwingine. Aliniambia hivyo mara tatu. Kuhusu makuta, yaani fedha, alisema mara moja. Kuhusu jina alisema mara tatu.

Mkubwa wangu wa kabine, ofisi ya mawakili, aliiangalia karatasi akasema iko wazi, mwambie mzee arudi nyumbani. Na kwa upande wa fedha alikuwa na haki. Lakini mimi usiku ule nilichukua Amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, ambayo ndiyo sheria yetu ya haki za watunzi na haki jirani, yaani haki za wanaoipiga na wanaoirekodi kazi. Ndugu zangu, nilikuwa nimemaliza masomo ya sheria bila hata siku moja kuifungua. Nikaisoma tangu mwanzo. Halafu nikasoma kifungu cha 6 bis cha Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki. Na pale nikakuta kile ambacho karatasi ya mzee haikuweza kukiuza: hata baada ya kuuza haki zake zote za fedha, mtunzi anabaki na haki ya kudai kuwa kazi ni yake, na haki ya kukataa isiharibiwe kwa namna inayochafua heshima yake. Hiyo tunaiita haki ya kimaadili. Haiuzwi. Haiuzwi kwa dola 150, haiuzwi kwa dola milioni.

Tukaandika barua. Ikachukua miezi saba. Mwishoni jina lake likawekwa, na wakampa fedha kidogo za kufunga maneno. Mzee alifurahi kuliko nilivyotegemea. Mimi sikufurahi. Kwa sababu nilikuwa nimepiga hesabu: kama angekuja siku moja kabla ya kutia sahihi, ningehitaji nusu saa tu.

Nusu saa!

Ningemuuliza: unampa nini hasa? Kuurekodi wimbo, kuupiga redioni, kuutia kwenye filamu, kuutia kwenye tangazo? Hizo ni haki mbalimbali, kila moja ina bei yake, kwa nini unazifunga zote kwenye kitambaa kimoja? Unampa kwa miaka mingapi? Kwa nchi gani? Akipata, wewe unapata fungu gani, na nani atakuonyesha hesabu? Yeye angejibu, mimi ningeandika, tungemaliza. Nusu saa dhidi ya miezi saba.

Ukiniuliza wakili wa hakimiliki anafanya nini, nitakuambia anafanya hiyo nusu saa. Filamu zinatuonyesha wakili amesimama mbele ya jaji, mkono juu, toga inapepea. Siku hizo zipo, na nitawaambia moja iliyoniumiza. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika mezani, kabla ya sahihi, pamoja na mtu ambaye hajui bado kuwa ana mali.

Ni mali kweli? Wazazi wengi wananiuliza hivyo. Wimbo ni hewa, wanasema, shamba ni shamba. Ngoja niwapeleke Afrika Kusini.

Mwaka 1939, katika studio ya Johannesburg, Mzulu mmoja aliyeitwa Solomon Linda aliimba na kikundi chake wimbo juu ya simba, "Mbube". Alikuwa mfanyakazi wa kawaida wa kampuni ya santuri. Katika kurekodi, sauti yake ikapanda juu ya wenzake na kutunga palepale mstari ambao leo dunia nzima inaujua. Mkiusikia hapa, hata mtoto wa miaka minne atauitikia. Wimbo ule ulivuka bahari, ukaimbwa Marekani kwa jina lingine, "The Lion Sleeps Tonight", na maneno mengine, ukaingia kwenye filamu, kwenye matangazo, kila mahali. Na Linda? Mwaka 1952 alitia sahihi karatasi ya kukabidhi haki zake kwa shilingi 10. Mwaka 1962 alifariki kwa ugonjwa wa figo, maskini. Mjane wake hakuwa na fedha za kuweka hata jiwe juu ya kaburi.

Mpaka hapo ni hadithi ya mzee wangu wa bahasha, ila kubwa zaidi. Karatasi iko wazi, rudini nyumbani. Tena mjane, na baadaye mabinti, walikuwa wametia sahihi karatasi nyingine. Wakili wa kawaida angefunga faili.

Lakini faili lilifika kwa Owen Dean, wakili aliyekuwa ameipa hakimiliki maisha yake ya kazi. Na yeye akafanya kitu ambacho ninataka mkikumbuke hata mkisahau mengine yote: akarudi kwenye sheria iliyokuwa inatumika siku ile Linda alipotia sahihi, siyo sheria ya leo. Ilikuwa sheria ya Kiingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika himaya yote ya Uingereza. Ndani yake kulikuwa na kifungu ambacho watu wengi walikuwa wamekisahau. Kinasema hivi, kwa maneno yangu: mtunzi akikabidhi haki zake angali hai, haki hizo zinarudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake.

Pigeni hesabu pamoja nami. Alifariki 1962. Ongeza 25.

1987. Kweli. Tangu 1987 haki zilikuwa zimerudi nyumbani, katika nchi zote zilizokuwa chini ya sheria ile, na hakuna aliyejua. Watoto walikuwa maskini juu ya mali yao wenyewe.

Mwaka 2004 wakaishtaki Disney, kampuni ya filamu iliyokuwa imeutumia wimbo ule, huko Afrika Kusini. Kampuni ya Marekani, utaifikishaje mbele ya mahakama ya Afrika Kusini? Dean na wenzake wakaomba mahakama izuie alama za biashara za kampuni ile zilizosajiliwa nchini, zaidi ya 200, ziwe kama dhamana. Hapo watu wakaanza kuzungumza kwa adabu. Februari 2006 wakaafikiana: familia ikalipwa kuanzia 1987, ikapewa fungu katika mapato yaliyofuata, na Solomon Linda akatambuliwa kama mtunzi mwenza. Mwenye jina akapata jina.

Sisi hatukuwa chini ya Uingereza, kifungu kile si chetu. Sikuwasimulia ili mkakitafute kwenye sheria ya Kongo. Nimewasimulia kwa sababu ya usomaji ule. Ulikuwa usomaji wa mtu aliyekataa kuishia kwenye karatasi iliyo mbele yake, akauliza: karatasi hii ilizaliwa chini ya sheria gani? Hapa kwetu swali hilo ni zito, kwa sababu nyimbo za wazee wetu nyingi zilirekodiwa kabla ya 1960, yaani kabla ya uhuru. Mwenda wa Bayeke, ambaye gitaa lake ndugu zetu wa nchi za Kenya na Uganda bado wanaliiga, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 pale Jadotville, Likasi ya leo. Alifariki 1990. Sheria yetu inalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo. Kwa hiyo mpaka mwaka gani?

2040. Mmoja wenu aliyekaa hapa, akianza staji mwaka kesho, atakuwa wakili mzima wakati ulinzi huo bado unaendelea.

Na hapa niseme jambo ambalo vitabu haviwaambii. Katika mji huu, faili nyingi za hakimiliki zitawajia kama faili za urithi. Hatakuja mwimbaji. Atakuja mjane. Watakuja watoto wa mama wawili tofauti wasiosalimiana, pamoja na mjomba aliyeficha santuri. Usipojua Sheria ya Familia ya 1987, hakimiliki yako itakufia mkononi.

Mfano wangu mkubwa ni mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Kati ya 1973 na 1974, hapa Katanga, alichora historia ya nchi hii picha kwa picha, karibu mia, na mtaalamu Johannes Fabian aliyekuwa akifundisha hapa Lubumbashi akazinunua. Leo ziko katika jumba la makumbusho Amsterdam. Tshibumba mwenyewe hakuonekana tena tangu mwaka 1981. Sasa niambieni, wanasheria: miaka 50 baada ya kifo tunaihesabu kuanzia lini, ikiwa hakuna aliyeona kaburi? Mnaona? Umeingia kwenye picha, umetokea kwenye sura ya Sheria ya Familia inayozungumza juu ya mtu aliyetoweka. Wakili wa migodi hakutani na swali zuri namna hii.

Na aliyezinunua, alinunua nini? Hilo ndilo kosa ninalolikuta kila mwezi. Mtu akinunua picha, turubai ni lake. Alitundike, aliuze, alipe kama mahari akitaka. Lakini haki ya kuizidisha ile picha, kuichapa kwenye kalenda, kwenye kitenge, kwenye fulana, inabaki kwa mchoraji mpaka aitoe.

Kijana mmoja mchoraji alikuta picha yake ya mama muuza samaki kwenye jalada la madaftari ya shule, soko la Kenya, rundo zima, umbali wa dakika tano kutoka hapa. Alinunua moja akaniletea. Rangi ya kanga ya mama ilikuwa imebadilishwa, na sahihi yake imekatwa na ukingo wa karatasi. Alitaka twende parketi, kwa mwendesha mashtaka, siku ileile, na sheria inaruhusu, kwa sababu kuiga kazi ya mtu bila ruhusa ni kosa la jinai pia. Nikamwomba anipe juma moja. Nikamtafuta mchapishaji. Alikuja na mkewe, amevaa vizuri, anaogopa. Na alikuwa na risiti! Alikuwa amelipa hoteli moja iliyokuwa na picha ile ukutani, akaamini kabisa kuwa amenunua haki. Hakuwa mwizi, alikuwa mtu asiyejua, kama mchoraji mwenyewe. Vikao viwili vikatosha. Leo mchapishaji yule humlipa kijana kila anapochapa, na sahihi yake ipo chini kulia.

Ndiyo maana sipendi vijana wanaoingia kazi hii wakitafuta mtu wa kufunga jela. Mtaniambia: na wale wa kando ya barabara wenye kompyuta, wanaojaza nyimbo kwenye flashi na kadi za simu kwa franka chache? Ndiyo, wanachofanya kinakiuka sheria. Lakini mkiwakamata kumi, mwimbaji atapata nini? Fedha haziko pale. Ziko kwenye redio, kwenye bari kubwa, kwenye hoteli, kwenye kampuni za simu, zile zinazopiga muziki kila siku ili kuvuta wateja. Hao wanapaswa kulipa kupitia shirika la kukusanya haki, zamani SONECA iliyoundwa 1969, na tangu 2011 SOCODA. Mwanamuziki asiyejiandikisha pale, na asiyetangaza kazi zake moja moja, ataimba mpaka azeeke bila kujua anadai nini. Kumjazia fomu ile ni kazi ya wakili. Kumfuatilia hesabu baadaye ni kazi ya wakili. Na upande wa pili pia unahitaji wakili: redio ya mtaa inayotaka kulipa kwa haki bila kufilisika ni mteja mzuri, msiidharau.

Nimesema nitawaambia siku iliyoniumiza.

Nilikuwa na mteja kijana, mwimbaji. Mwenzake aliyekuwa akikaa naye studio alitoa video ya wimbo wa mteja wangu kabla yake. Wimbo uleule, kiitikio kilekile. Nikaenda mahakamani na sheria yote kichwani. Nikasema: mheshimiwa, hakimiliki inazaliwa siku kazi inapozaliwa, hakuna haja ya kuisajili, Mkataba wa Berne unasema hivyo, na nchi yetu ni mwanachama. Nilisema vizuri. Jaji akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza: "Wakili, hayo nayajua. Niambie tu, wimbo huu ulikuwa wa mteja wako tarehe gani?"

Sikuwa na tarehe. Rekodi ya kwanza ilikuwa kwenye simu, na simu iliibiwa. Shahidi wetu mmoja alikuwa amehamia Kolwezi na hakuja. Tukashindwa. Tulipokuwa tunashuka ngazi, kijana hakunilaumu. Aliniuliza tu, akiniita "yaya" kama mkubwa wake: "Yaya, sasa nitaimba nini?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Tangu siku ile hakuna mtunzi anayeingia kabine yangu bila kutoka na mazoea mapya. Ukitunga, rekodi hata kwa sauti mbaya, na ujitumie kwa barua pepe usiku huohuo, na unitumie na mimi. Fundi wa studio akupe nakala ya faili la kazi, lile lenye tarehe. Na kabla hamjatoka studio, mwandike karatasi ya mafungu: nani alitunga maneno, nani alitunga sauti, nani alileta mdundo, kila mtu asilimia ngapi, na wote watie sahihi. Hapo vijana wananiuliza swali zuri: na mpiga solo aliyebuni sebene palepale, ile sehemu ya gitaa ya kuchezea, amepiga tu au ametunga? Kwa sababu mara nyingi watu wanakimbilia kucheza wakati wa sebene, na maneno ya mwanzo hawayakumbuki! Kama amepiga alichoonyeshwa, ana haki jirani ya mpigaji. Kama kile alichokiongeza ni ubunifu wake mwenyewe, ni mtunzi mwenza, na anastahili fungu. Utajuaje bila kukaa studio? Hutajua. Kwa hiyo nenda ukakae. Nenda saa nne za usiku, kaa kwenye kiti cha plastiki, sikiliza wanavyobishana. Mimi nimejifunza zaidi kwenye viti vile kuliko kwenye maktaba, na maktaba naipenda.

Njia yenyewe mnaijua, nitapita haraka. Lisansi miaka mitatu na masta miwili katika mfumo wa LMD. Kiapo. Staji ya miaka miwili kwa mujibu wa sheria ya 28 Septemba 1979 inayopanga baro. Ukiwa bado masomoni, chagua hakimiliki kama mada ya kazi yako ya kumaliza, na usiiandike kutoka vitabu vya Paris peke yake: hesabu mikataba kumi ya wasanii wa Lubumbashi, uitazame kwa macho. Soma kifungu cha 46 cha Katiba yetu, kinachosema haki za watunzi zinalindwa na sheria. Utashangaa jinsi kinavyomnyamazisha mtu anayedhani unaomba huruma. Soma sheria mpya ya mambo ya kidijitali ya 13 Machi 2023, kwa sababu nyimbo zenu leo zinaishi ndani ya simu. Shirika la Miliki Bunifu Duniani, lililoko Geneva, linatoa kozi ya awali kwa intaneti bila malipo, kwa Kifaransa, na baada yake kuna kozi ya hakimiliki peke yake. Anayejua Kiingereza anaweza kuomba masta ya miliki bunifu katika Africa University, Mutare, Zimbabwe. Na Kiingereza mjifunze kwa vyovyote, maana masharti ya majukwaa ya muziki yamejaa maneno ambayo tafsiri haiyafikishi vizuri.

Na fedha? Nitawaambia ukweli, kwa sababu nyumbani mtaulizwa. Miaka ya kwanza hakimiliki haitalipa kodi ya nyumba. Utakula kwa faili za parseli, yaani viwanja, za talaka, za madeni ya wafanyabiashara kwenye mahakama ya biashara. Mimi nilikula hivyo miaka minne. Hakuna aibu. Ila kila juma tenga siku moja ya hakimiliki, siku hiyo isiguswe na faili jingine. Msanii mmoja akiona umemwonyesha neno lililofichwa katika mkataba wake, ataleta watatu. Mjane mmoja ataleta kwaya nzima. Baadaye wataanza kuja na wale wenye fedha: kituo cha televisheni, kampuni ya matangazo, mwandaaji wa tamasha. Watakuja kwako kwa sababu watauliza mjini nani anajua jambo hili, na jibu litakuwa jina moja au mawili. Katika sheria ya migodi wewe ni wa mia mbili kwenye foleni.

Mzee wangu wa bahasha alifariki miaka miwili iliyopita. Binti yake yuko hapa, amekaa safu ya tatu, na ameniruhusu niseme. Mama, aksanti kwa kuja na mvua hii. Katika mazishi, aliyesoma wasifu alitaja wimbo ule na kusema umetungwa na nani, na watu wote waliujua.

Sasa tufanye kazi. Mnaona zile meza mbili pale chini ya dirisha? Kuanzia leo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa nane, mimi na wenzangu wawili wa baro tutakaa pale kusoma mikataba ya wasanii, bila malipo. Tunahitaji wanafunzi wanne wa kutusaidia kusoma na kuandika. Daftari la majina liko mlangoni. Na ninyi wa magitaa, najua kuna mmoja wenu ana karatasi ya kutia sahihi Jumatatu, aliniambia wakati wa kuingia. Usiirudishe mfukoni. Ilete mezani, nusu saa inatutosha.